Haki ya Waliotutangulia

Mtu aliyekufa hana kinywa. Akisifiwa hawezi kushukuru, na akisingiziwa hawezi kujitetea. Kwa sababu hii watu wengi hudhani kuwa neno lolote laweza kusemwa juu ya watu wa kale bila kosa, maana asiyesikia haumii. Insha hii yataka kuipima dhana hiyo. Swali lake ni hili: sisi tulio hai tuna wajibu gani wa haki kwa watu walioishi kabla yetu, hasa tunaposimulia vita vyao, ukatili wao, na damu waliyoimwaga?

Swali hili ni la zamani, lakini limepata nguvu mpya tangu habari za kale zilipoanza kusimuliwa kwa picha. Msomaji wa kitabu aweza kusita, akarudi nyuma, akauliza. Mtazamaji wa sinema hana nafasi hiyo, kwa kuwa picha moja haijatulia machoni ila nyingine imekwisha kuifuata. Moyo hushituka kabla akili haijauliza, na jambo lililoushitua moyo hukaa ndani yake siku nyingi kama jambo lililohakikishwa.

Tuchukue mfano mmoja mashuhuri. Mwezi wa Desemba mwaka 2006 ilitolewa nchini Marekani sinema iitwayo Apocalypto. Aliyeiongoza alikuwa Mel Gibson, na habari zake ni za Wamaya, taifa la kale la Amerika ya Kati. Kijana mmoja mwindaji, Jaguar Paw, aliishi na mkewe mjamzito na mwanawe mdogo katika kijiji cha msituni. Alfajiri moja kijiji kilivamiwa. Baba yake alichinjwa mbele ya macho yake. Yeye na wenzake walifungwa mitini, wakaswagwa mpaka mji mkubwa wa mahekalu ya mawe. Huko wanawake waliuzwa, na wanaume walipakwa rangi ya buluu, wakapandishwa juu ya hekalu ili mioyo yao ing'olewe vifuani na kutolewa kafara. Jaguar Paw aliokoka kwa kupatwa kwa jua, akakimbia msituni akiwindwa kama mnyama, na mwisho akafika pwani. Pale aliona merikebu za Wahispania zikitia nanga.

Picha hii ina damu nyingi sana. Nchini Marekani iliwekwa katika daraja la picha ambazo mtoto wa chini ya miaka 17 haruhusiwi kuziona bila mzazi au mlezi, na mwandishi wa insha hii hamhimizi mwanafunzi yeyote akaitafute. Walakini si haki kuihukumu pasipo kutaja sifa zake. Maneno yote ya waigizaji yalisemwa kwa Kimaya cha Yucatán, lugha ambayo ulimwengu wa sinema haukuwahi kuipa heshima kubwa namna ile. Watu walioigiza walikuwa wenyeji wa asili wa Amerika. Tena mtazamaji aombewa huruma yake kwa mtu mnyonge anayewindwa, wala haombwi ampende mwenye kisu.

Wala haiwezi kusemwa kuwa ukatili wote ulioonyeshwa ulitungwa. Wamaya walipigana vita, waliteka watu, na waliwatoa kafara baadhi ya mateka wao. Wenyewe walilichora jambo hilo. Katika kuta za hekalu la Bonampak, katika Meksiko, iko michoro ya rangi ya karibu mwaka 790 inayoonyesha mfalme amesimama juu, na mateka wameketi chini yake, damu ikichuruzika vidoleni mwao. Mtu anayetaka tuseme kuwa Wamaya hawakumwaga damu atutaka tuzifute kuta zao.

Basi kosa la picha ile liko wapi? Liko katika mambo iliyoyaacha, na katika mambo iliyoyaunganisha. Watu wale walikuwa na maandishi yao, waliyoyachonga katika mawe na kuyaandika katika vitabu vya maganda ya miti. Walijua kuandika sifuri katika hesabu wakati ambapo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa hazijaijua. Walizihesabu safari za sayari ya Zuhura kwa usahihi unaowashangaza wataalamu mpaka leo. Walikuwa na wakulima wa mahindi, wafinyanzi, waashi na wafanya biashara. Katika mji wa sinema mambo haya hayana nafasi: wako makuhani wenye visu, umati unaopiga vigelegele, na shimo lililojaa maiti wasiohesabika. Wataalamu wengi wa mambo ya kale walisema kuwa mauaji ya wingi ule yafanana zaidi na habari za Waazteki kuliko za Wamaya. Mtaalamu Richard Hansen, aliyechimba magofu ya El Mirador, alikuwa mshauri wa picha ile na aliitetea. Lakini viongozi wa Wamaya wa Guatemala walilalamika kuwa taifa lao limeonyeshwa kama kundi la washenzi.

Kosa la pili ni la wakati. Miji mikubwa ya Wamaya wa kusini, kama Tikal, iliachwa karibu na mwaka 900. Wahispania walianza kufika katika pwani za Wamaya mapema katika karne ya 16. Kati ya mambo haya mawili pana miaka 600. Sinema iliyaweka kana kwamba yalikuwa ya juma moja: mji umeoza, na siku iyo hiyo merikebu zatokea. Mtazamaji asiyejua tarehe hutoka akiwaza kwamba watu wale walijiangamiza wenyewe, na kwamba mgeni alikuja kufagia nyumba iliyokwisha kuanguka. Haambiwi kuwa mwaka 1562, katika mji wa Maní, kasisi wa Kihispania Diego de Landa aliviteketeza vitabu vya Wamaya motoni, hata vilivyosalia ulimwenguni leo ni vinne tu. Haambiwi kuwa ufalme wa mwisho wa Wamaya, Nojpetén, haukushindwa ila mwaka 1697. Wala haambiwi kuwa mamilioni ya Wamaya wako hai leo katika Guatemala, Meksiko na Belize, wakilima, wakisoma, na kusema lugha zile zile.

Hapa twaweza kurudi kwenye swali letu la kwanza. Asiyesikia aweza kudhulumiwa? Tufikiri habari ya wosia. Baba akiacha wosia kuwa shamba lake ligawanywe sawa kati ya watoto wake, kisha mtoto mkubwa akalichukua lote, watu husema kuwa wadogo wamedhulumiwa, na husema pia kuwa baba amedhulumiwa. Hawasemi kuwa hapana kosa juu ya baba kwa sababu yu kaburini. Kumbe mioyo yetu yajua kuwa haki ya mtu haizikwi pamoja naye. Sababu ya pili ni wazi zaidi. Wafu wana wajukuu, na anayemchafulia babu jina humchafulia mjukuu aliye darasani. Mtoto wa Kimaya anayecheka na wenzake juu ya picha ile, kisha akaulizwa kama baba zake walikula mioyo ya watu, apata jeraha asilolifanyia kosa lolote.

Iko sababu ya tatu, nayo yatuhusu sisi watazamaji. Mtu anapoaminishwa kuwa ukatili ulikuwa tabia ya taifa fulani la zamani, hujihesabu kuwa yeye yu salama nao. Huona kisu katika mkono wa Mmaya, asione kisu katika mkono wa jirani yake, wala katika mkono wake mwenyewe. Mwaka 1553, miaka 9 kabla ya moto wa Maní, mji wa Geneva ulimchoma hai tabibu Michael Servetus kwa sababu ya imani yake. Warumi walijenga viwanja vikubwa ili watu wakae kwa raha wakitazama wenzao wakiuana. Hata hivyo tunapotajiwa Ulaya hatufikiri kwanza moto wa Geneva, na tunapotajiwa Roma twafikiri sheria, barabara na madaraja. Ikiwa taifa moja lahesabiwa kwa siku zake njema na taifa jingine kwa siku zake mbaya, mizani ina hila.

Mambo haya ya nchi ya mbali yaweza kupimwa kwa mawe yaliyo karibu nasi. Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, katika nchi iliyojulikana zamani kama Nyanza ya Kusini, yako maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga. Wataalamu wakadiria kuwa yalijengwa katika karne ya 16, yaani katika karne ile ile ambayo Wahispania walikuwa wakiingia katika nchi ya Wamaya. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa mita 1 hivi. Hapana chokaa wala udongo wa kushikiza. Jiwe limekaa juu ya jiwe, kubwa nje na ndani, na dogo katikati, na zimesimama kwa jinsi zilivyopangwa tu. Boma kubwa kuliko yote laitwa Kochieng. Maboma ya namna hii yaliyopata kuhesabiwa katika nchi ile yapita 500, lakini Thimlich ndiyo makubwa na yaliyohifadhika vema zaidi, na mwaka 2018 UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa tuseme kuwa mwongozaji wa sinema afika Migori akitafuta habari ya kusisimua. Ataona ukuta mnene na mlango mdogo wa kumfanya mtu ainame aingiapo. Ataona mahali pa mlinzi karibu na mlango, mahali ambapo adui aliyeinama angeweza kupigwa kabla hajainuka. Atasema, "Hapa pana damu." Naye hatakosea kabisa. Hapana mtu anayeinua ukuta wa kimo cha watu wawili kwa ajili ya kupendeza macho. Watu wa Thimlich walikuwa na hofu: hofu ya wezi wa ng'ombe, hofu ya jirani mwenye mkuki, hofu ya wanyama wa mwituni. Jina lenyewe la Thimlich kwa Kijaluo lakumbusha msitu mnene wa kutisha. Mwongozaji wetu aweza kuonyesha usiku, kilio, mishale na moto, na pengine mambo ya namna hiyo yalitukia kweli.

Lakini mawe yale yale yashuhudia jambo la pili, ambalo ni gumu kulionyesha katika picha ya saa mbili. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ukuta wa hofu haujengwi na watu waliotengana. Palikuwa na watu waliolikusanya jiwe na watu waliolichagua. Palikuwa na mzee aliyejua lipi lakaa juu ya lipi, na kijana aliyejifunza kwake. Ndani ya maboma palikuwa na nyumba na mazizi. Wachimbaji wameona mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, vigae vya vyungu, na alama za kazi ya kufua chuma. Hayo ni mambo ya watu waliopika, waliokama, waliofua na waliolea. Siku za vita katika maisha yao zilikuwa chache kuliko siku za maziwa. Lakini vita huacha sifa, na maziwa hayaachi.

Liko na jambo la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Watu walioishi Thimlich hawakuwa wa kabila moja. Katika karne zilizofuatana waliingia watu wa jamii mbalimbali, wa lugha za Kibantu na wa lugha za Kiniloti, hawa wakiondoka na hawa wakiingia. Kila waliofika waliukuta ukuta, wakautengeneza palipobomoka, wasiibadili namna ya ujenzi. Mwenye kuja aliufuata mkono wa mwenye kuondoka, ijapokuwa pengine hakujua jina lake wala lugha yake. Kama wakazi hao wangalikuwa na akili ya chuki peke yake, wangaliubomoa ukuta wa mgeni na kuanza upya. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Thimlich waliuziba ufa wa mtu mwingine.

Kadhalika tufikiri mwisho wa habari. Maboma yaliachwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakati utawala wa Kiingereza ulipokuwa umeenea na mavamizi ya zamani yamepungua. Mwongozaji anayependa merikebu za Wahispania angeweza kumalizia hapa: mgeni amefika, amani imefika, ukuta hauna kazi tena. Lakini mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya Waingereza yaliwapiga Wagusii, jirani za watu wa Migori, yakachoma nyumba zao na kuteka ng'ombe zao. Hadithi inayoonyesha wizi wa ng'ombe wa wazee wetu na kunyamazia wizi huo mwingine haikusema uongo katika neno lolote moja, lakini yote nzima ni uongo.

Hapa mtu mwenye busara aweza kutupinga. Aweza kusema: "Nyinyi mwataka historia ya kusifu. Mwataka wazee wasitajwe ila kwa wema." Upinzani huu wastahili jibu la uangalifu, kwa sababu wako wengi wanaotenda hivyo kwa jina la heshima. Jibu ni kuwa kuficha damu ni dhuluma vilevile. Yule mateka wa Bonampak anayechuruzika damu alikuwa mtu. Alikuwa na mama. Tukiufuta mchoro kwa ajili ya heshima ya mfalme, twampa mfalme heshima ile kwa kumwibia mateka ushahidi wake wa pekee. Wahenga wetu si kundi moja lenye uso mmoja. Kati yao alikuwako aliyechoma na aliyechomewa, aliyeteka na aliyetekwa, na wote wawili wana haki ya kusemewa. Heshima inayowahifadhi wenye nguvu peke yao si heshima ya wahenga.

Basi tukisema kuwa kusifu tu ni kosa, na kulaumu tu ni kosa, ni namna gani ya kusimulia iliyo ya haki? Nchi ya Homa Bay ina hadithi ya kale iwezayo kutufundisha. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima, ambako heroe huja kutafuta chakula. Wataalamu wa miamba wasema kuwa shimo lake lilitokana na nguvu za moto wa chini ya ardhi. Wazee wa Kijaluo husimulia habari nyingine. Wasema kuwa hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu walikuwa katika sherehe, wakila na kunywa. Alifika kizee mmoja, mchovu, akaomba chakula na mahali pa kujisitiri. Walimfukuza. Mtu mmoja tu alimhurumia. Usiku ule ule mvua kubwa ilishuka, na kijiji kikazama pamoja na ngoma zake.

Tazama jinsi hadithi hii inavyofanana na Apocalypto katika fundisho lake. Zote mbili zasema kuwa watu waweza kuangamia kwa ubovu ulio ndani yao kabla ya adui wa nje kufika. Hata hivyo hapana Mjaluo anayelalamika kuwa hadithi ya Simbi yamtukana, bali humfundishia mtoto wake. Tofauti iko wapi? Kwanza, anayesimulia hujiweka ndani ya kijiji kile. Kosa analolitaja ni kosa analoliogopa katika nyumba yake mwenyewe. Hasemi, "Watu wale walikuwa wabaya," bali asema, "Mgeni akigonga mlango wenu, mkumbuke Simbi." Pili, hadithi haikosi mtu mwema. Katika kijiji kizima alikuwako aliyehurumia, na kwa ajili yake msikilizaji ajua kuwa njia nyingine ilikuwapo. Tatu, maangamizo yenyewe yasemwa kwa maneno machache. Msimulizi hakai juu ya watu wanaozama akihesabu jinsi kila mmoja alivyotapatapa. Anayesikiliza hupewa huzuni, hapewi karamu.

Neno hili la mwisho lastahili kufikiriwa na kila mtazamaji wa sinema. Katika viwanja vya Roma damu ilikuwa ya kweli. Katika sinema ni ya rangi, na hapana aliyeumia. Tofauti hii ni kubwa, na ni ujinga kuisahau. Lakini jicho linalotazama ni lile lile. Mtu aweza kutazama mauaji ya kuigizwa akatoka na chuki juu ya mauaji, na mwingine aweza kutazama yale yale akatoka na hamu ya kuona zaidi. Picha ikionyesha kifo ili tuone thamani ya uhai, imetenda kazi ya mwalimu. Ikionyesha kifo baada ya kifo kwa kuwa cha kwanza hakikutosha kusisimua, imetenda kazi ya muuza pombe. Mtazamaji ajiulize mwenyewe, baada ya taa kuwashwa: je, yule aliyeuawa nalimhurumia, au nalimsahau mara alipoanguka? Hapana mtu mwingine awezaye kulijibu swali hilo kwa niaba yake.

Katika nchi hiyo hiyo ya Homa Bay kuna mfano wa mambo ya karibu zaidi. Tarehe 5 Julai mwaka 1969 Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, alipigwa risasi akafa mjini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa katika kisiwa cha Rusinga, na nyumba iliyojengwa juu ya kaburi lake ina umbo linalofanana na risasi. Anayelikaribia hawezi kusahau jinsi alivyokufa. Ukatili ule haukufichwa, umesimamishwa juu ya ardhi ili kila apitaye auone. Lakini ndani yake zimewekwa picha za maisha yake. Humo mtu hukumbushwa kiongozi wa wafanya kazi, na mtu aliyesaidia kundi la kwanza la vijana 81 kusafiri kwa ndege kwenda kusoma Marekani mwaka 1959. Umbo la nje lasema jinsi alivyouawa, na vilivyo ndani vyasema jinsi alivyoishi. Lingekuwa na la nje peke yake lingekuwa ukumbusho wa muuaji. Na lingekuwa na la ndani peke yake lingekuwa limemsaidia muuaji kujificha.

Hiyo ndiyo kanuni tunayoitafuta. Msimulizi wa haki huusema ukatili kama ulivyokuwa, kwa kipimo chake, bila kuupunguza wala kuuzidisha. Huwataja walioumizwa pamoja na walioumiza. Huyasema maisha yaliyokuwapo kabla ya damu na yaliyoendelea baada yake. Hamwachi mgeni nje ya mizani kwa sababu alifika mwisho wa habari. Na anapotoa hukumu, hujiweka yeye mwenyewe mahali ambapo hukumu ile yaweza kumpata.

Wako wanaosema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ni methali nzuri kwa habari ya tumbo, lakini haifai kwa habari ya haki. Sisi tunaokula leo tutakuwa wa jana kwa wengine. Siku moja watu wasiotujua watauliza tulikuwa watu wa namna gani, na watakuwa na ushahidi mwingi wa aibu zetu: vita vyetu, ghasia zetu za wakati wa uchaguzi, jirani waliomchomea jirani nyumba. Ushahidi huo utakuwa wa kweli. Je, tutaridhika wakiishia hapo?

Mwanafunzi anayeishi Migori au Homa Bay, au mahali pengine popote penye wazee, hana haja ya kungoja mwongozaji wa sinema ili kuitenda haki hii. Na aende kwa mzee, akaketi, akamwulize maswali mawili. La kwanza: watu wetu walimwogopa nani, na kwa sababu gani? La pili: watu wetu walijenga na nani? Majibu ya swali la kwanza yatakuja upesi, maana hofu ina kumbukumbu ndefu. Majibu ya swali la pili yatachelewa. Pengine mzee atanyamaza kwanza, atafikiri, ndipo ataje jina la ukoo mwingine au la kabila jingine. Mwanafunzi na avumilie, ayaandike majibu yote mawili katika daftari moja, wala asiandike moja akaliacha jingine.